Mchezaji wa hoki ya barafu aliyepita klabu 12: amefaulu au ametangatanga?

Mwana wa Marangu (Moshi)

Wanajukwaa, habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu msimu uliopita wa wageni, na kwa kuwa humu wamo watu waliosoma na kufanya kazi Kanada na Marekani, naamini nitajibiwa kwa uhakika.

Mimi ni mwongozaji wa wageni Mlima Kilimanjaro. Jioni moja katika kambi ya Horombo, baada ya chakula, mgeni mtu mzima aliyetoka mji wa Regina, jimbo la Saskatchewan, alitusimulia habari za mwenyeji wa mji wao aitwaye Mike Sillinger, mchezaji wa hoki ya barafu. Alisema mtu huyo alichezea klabu 12 katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, ile inayoitwa NHL, na kwamba hakuna mwingine aliyevaa jezi nyingi namna hiyo katika ligi hiyo. Akaanza kuzihesabu kwa vidole: Detroit, Anaheim, Vancouver, Philadelphia, Tampa Bay, Florida, Ottawa, Columbus, Phoenix, St. Louis, Nashville na New York Islanders. Vidole vilipomwishia, akaazima vya mpishi wetu.

Kilichonishangaza ni kwamba aliyasema hayo kwa fahari kubwa. Huku kwetu mchezaji akipita timu tano tu watu huanza kunong'ona kwamba ana matatizo ya nidhamu, au kiwango chake kimeshuka, au anafuata fedha. Nauliza si kwa udadisi mtupu. Mtoto wa dada yangu ni kiungo wa soka, kijana mwenye bidii, na amekwisha kubadili timu zaidi ya mara moja kati ya Moshi, Arusha na Tanga. Wazee wa ukoo wanamwambia kila Krismasi kwamba mtembezi hula miguuye, na naona maneno hayo yameanza kumvunja moyo.

Naomba kuelimishwa. Katika mchezo ule, ni nani anayeamua mchezaji ahame? Kama Sillinger alikuwa hafai, imekuwaje klabu ya 12 ikamchukua? Na mtu aliyeishi hivyo alipata nini mwishowe?

Mkaa Njiro (Arusha)

Marahaba, mdogo wangu. Niliishi Ontario kwa miaka mingi kabla ya kurudi Arusha, na kule mtu hawezi kukwepa mchezo huu hata akitaka, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Nianze na suala la nani anayeamua, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza kwa kupima hoki kwa kipimo cha soka. Katika soka, klabu mbili zinaweza kukubaliana bei, lakini mchezaji asipotia saini mkataba na klabu mpya hakuna uhamisho. Katika NHL mambo ni tofauti kabisa. Mkataba wa mchezaji ni mali ambayo klabu inaweza kuibadilisha na klabu nyingine kwa mchezaji mwingine, au kwa haki ya kuchagua chipukizi miaka ijayo, na mkataba ule ule husafiri naye ukiwa na mshahara ule ule. Ridhaa yake haihitajiki, isipokuwa kama aliweka mapema kifungu kinachozuia asihamishwe, na vifungu vya namna hiyo huwapata wachache wenye nguvu ya kujadiliana. Mtu anaamka asubuhi akiwa mkazi wa mji mmoja, simu inalia, na jioni anatakiwa uwanja wa ndege. Hata Wayne Gretzky, ambaye wengi wanamhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza, alitolewa Edmonton kwenda Los Angeles Agosti 1988, miezi michache tu baada ya kuiletea Edmonton ubingwa, na Kanada nzima ilihuzunika. Kwa hiyo kuhamishwa, peke yake, hakuthibitishi lolote kuhusu ubora wala nidhamu ya mtu.

Sasa tumtazame Sillinger mwenyewe. Alizaliwa Regina mwaka 1971 na akakulia katika timu ya vijana ya mji huo, Regina Pats. Mwaka 1989, katika uteuzi wa chipukizi ambao klabu zote za ligi huchagua vijana kwa zamu, Detroit Red Wings walimchukua akiwa wa 11 kwa jumla, na yeye ndiye aliyekuwa chaguo lao la kwanza. Siyo jambo dogo hilo. Lakini tazama ni nani wengine waliochaguliwa na Detroit mwaka ule ule: Nicklas Lidström wa Uswidi akiwa wa 53, Sergei Fedorov wa Urusi akiwa wa 74, na Vladimir Konstantinov akiwa wa 221. Watu wa hoki wanautaja uteuzi ule kuwa mmoja wa bora kuliko yote katika historia ya ligi. Sillinger alikuwa mchezaji wa kati, na nafasi ya kati pale Detroit ilikuwa tayari na nahodha Steve Yzerman, kisha akaja Fedorov. Kijana angeweza kuwa mzuri kiasi gani na bado akakosa dakika za kutosha za kucheza! Alikuwa akipanda na kushuka kati ya kikosi cha kwanza na timu ya daraja la chini, hadi Aprili 1995 alipopelekwa Anaheim. Sababu ya safari yake ya kwanza, basi, ilikuwa msongamano wa nafasi na wala si uhaba wa kipaji.

Kuhusu kwa nini kila mara alipatikana mwingine wa kumtaka, inabidi nieleze kazi aliyokuwa akiifanya, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ni sehemu ninayoipenda sana. Katika hoki ya barafu mchezo ukisimama huanzishwa tena kwa mwamuzi kuangusha kisahani cha raba kati ya wachezaji wawili wanaotazamana ndani ya duara. Kisahani hicho kina uzito wa gramu 170 hivi, kigumu kama soli ya buti, na kimegandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke. Wale wawili wameinama hadi vifua vinakaribia magoti, gongo limeshikwa chini kabisa, macho yapo kwenye mkono wa mwamuzi. Kisahani kinaanguka, magongo yanagongana, na kabla hujapepesa jicho mmoja amekwisha kukivuta nyuma kwa mwenzake. Timu yake sasa inamiliki mchezo, na ile nyingine inaanza kukimbiza. Jambo hili hurudiwa makumi ya mara katika mchezo mmoja, na likitokea karibu na lango lako zikiwa zimebaki sekunde 20, huku unaongoza kwa bao moja, mtu anayejua kulishinda ana thamani ambayo jedwali la wafungaji haliionyeshi.

Sillinger alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alikuwa pia hodari katika kulinda wakati timu imepungukiwa mchezaji kwa sababu ya adhabu ya dakika mbili. Timu inayojiandaa kwa mechi za mtoano hutafuta watu wa aina hii, na siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji huangukia karibu na Machi. Ukizifuatilia tarehe zake utaona jambo hilo waziwazi: alikwenda Vancouver Machi 1996, Florida Machi 2000, Ottawa Machi 2001, St. Louis Machi 2004.

Lipo jambo la pili ambalo watu hawalitaji sana. Alipochaguliwa mwaka 1989 ligi ilikuwa na timu 21, na kufikia mwaka 2000 zilikuwa 30. Ottawa na Tampa Bay zilianza 1992, Anaheim na Florida 1993, Nashville 1998, Columbus 2000. Hesabu mwenyewe: nusu ya klabu 12 alizochezea hazikuwapo siku alipoingia kwenye ligi. Klabu changa haina mastaa, na inahitaji mtu anayejua kazi, asiyelalamika, atakayewaonyesha vijana namna ya kujiandaa. Ligi ilikuwa inapanuka, naye alikuwa mtu anayehitajika mahali panapojengwa.

Na sikiliza kilichotokea Julai 2003. Columbus walimpeleka Dallas, na siku hiyo hiyo Dallas wakampeleka Phoenix wampate beki Teppo Numminen. Alikuwa mali ya Dallas kwa saa chache na hakuwahi kuvaa jezi yao. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye, katika msimu wa 2005–06, akiwa na umri wa miaka 34, alifunga mabao 32, mengi kuliko msimu wowote mwingine wa maisha yake, akiwa amegawanya msimu huo kati ya St. Louis na Nashville. Kisha Islanders wakampa mkataba wa miaka mitatu, na akiwa kwao alifikisha mchezo wake wa 1,000. Aliacha kucheza mwaka 2009 baada ya nyonga kumsumbua, akiwa na michezo 1,049 na mabao 240. Vijana wengi wanaochaguliwa katika uteuzi hawafikishi hata michezo 100, kwa hiyo mgeni wako alikuwa na kila sababu ya kujivunia mtu wa kwao.

Mama Wawili (Sakina, Arusha)

Nashukuru kwa maelezo hayo mazuri, kaka yangu wa Njiro, lakini naomba niulize upande ambao wanaume mnaupita haraka. Mume wangu ni mtumishi wa umma, na tumehama naye kwa barua za uhamisho kutoka mkoa hadi mkoa tangu tulipofunga ndoa. Ninajua maana ya kumtoa mtoto shule katikati ya muhula, kumtafutia nafasi mahali usipomjua mtu, na kumsikia akiuliza usiku kama rafiki yake wa zamani atamkumbuka. Ninajua pia kwamba mwenye barua huripoti kazini mara moja, na anayebaki nyuma akifunga vyombo, akimalizana na mwenye nyumba na kudai fomu za shule ni mke. Posho ya uhamisho nayo huja kwa wakati wake, wakati mwingine baada ya deni la lori kuwa kubwa.

Sisi angalau tunajua kwamba barua ina tarehe, na mtu anaweza kuomba muda. Huyu bwana alikuwa akihamishwa Machi, wakati watoto wapo darasani, na kwa jinsi ulivyoeleza hakuwa na nafasi ya kukataa. Sisemi haya ili kumhukumu. Nataka kujua tu: alikuwa na familia? Watoto wa maisha ya namna ile wanakuwaje? Maana tukisema mtu amefaulu, tuwahesabu na waliofunga mizigo.

Mkaa Njiro (Arusha)

Mama Wawili, umeuliza jambo la maana sana. Ndiyo, alikuwa na mke na wana, na wanawe watatu wote wameingia katika mchezo huo huo. Mdogo wao, Cole, alizaliwa katika mji wa Columbus Mei 2003, na ile siku ya Dallas na Phoenix niliyoieleza hapo juu ilikuwa Julai ya mwaka ule ule. Maana yake ni kwamba simu ilipolia, nyumbani kulikuwa na kichanga wa miezi miwili. Mwaka 2021, Columbus Blue Jackets, klabu ile ile iliyomhamisha baba yake, ilimchagua Cole akiwa wa 12 katika uteuzi wa chipukizi, na akaanza kuichezea akiwa na umri wa miaka 18.

Siwezi kudai kwamba hilo linafuta gharama uliyoieleza. Wachezaji wengi wa kule huamua familia ibaki mahali pamoja, na baba huishi hotelini au katika nyumba ya kupanga hadi msimu uishe, jambo ambalo lina machungu yake. Chama cha wachezaji, kilichoanzishwa mwaka 1967, kimepigania mengi, lakini haki ya klabu kubadilishana mikataba imebaki pale pale.

Mwana wa Marangu (Moshi)

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nimejifunza mengi. Swali langu dogo la nyongeza: je, kutembea namna hii ni kwa watu wa kazi ngumu kama Sillinger peke yao, au wapo na mastaa wakubwa waliozunguka vivyo hivyo? Mkaa Njiro amemtaja Gretzky, lakini nadhani yeye hakuzunguka sana.

Kijana wa Ngarenaro (Arusha)

Kaka, Gretzky alichezea klabu nne: Edmonton, Los Angeles, St. Louis na New York Rangers. Ukitaka staa aliyetembea kwelikweli, basi ni Jaromír Jágr, na nimemfuatilia tangu nilipoanza kutazama mchezo huu kwenye simu.

Jágr alizaliwa mwaka 1972 Kladno, mji wa wafanyakazi wa chuma karibu na Praha, ilipokuwa Czechoslovakia. Alichagua kuvaa namba 68 kwa kumbukumbu ya mwaka 1968, majeshi yaliyoongozwa na Wasovieti yalipoingia nchini mwao, na hiyo namba ameivaa katika miji mingi. Pittsburgh walimchagua akiwa wa tano mwaka 1990, na aliponyanyua Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 1991 na tena 1992 alikuwa bado kijana wa miaka 20. Kuanzia hapo ndipo safari ilipoanza: Washington mwaka 2001, New York Rangers mwaka 2004, kisha mwaka 2008 akaondoka Amerika kabisa akaenda Omsk, Siberia, akakaa huko misimu mitatu. Watu walidhani amemaliza. Akarudi mwaka 2011 Philadelphia, akafuata Dallas, Boston, New Jersey, Florida na mwisho Calgary. Klabu tisa za NHL kwa jumla, ukiacha Omsk na Kladno ya nyumbani. Amecheza michezo 1,733 ya msimu wa kawaida, akafunga mabao 766, na pointi zake 1,921, yaani mabao pamoja na pasi za mabao, zinazidiwa na za Gretzky peke yake, ambaye ana 2,857.

Tofauti yake na Sillinger ni kwamba safari nyingi za Jágr, hasa zile za baadaye, alizichagua mwenyewe akiwa mchezaji huru. Alikuwa akitia saini mkataba wa mwaka mmoja, anacheza, na msimu ukiisha anatafuta mahali watakapompa dakika. Mashabiki wa Pittsburgh walimzomea miaka mingi kila aliporudi na jezi nyingine, wakiona amewasaliti. Lakini Februari 2024 klabu hiyo iliipandisha namba 68 juu ya uwanja wake ili asiivae mtu mwingine tena, na watu wale wale wakasimama kumshangilia. Alikuja pia kuwa mmiliki wa klabu ya Kladno, na ameichezea hata baada ya kuvuka miaka 50.

Mzee wa Pasua (Moshi)

Vijana wangu, marahaba nyote. Nilifundisha michezo shuleni kwa muda mrefu, na enzi zetu mpira wa magongo ulichezwa kwa heshima katika nchi hii, hata Tanzania ikapeleka timu ya magongo Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kwa hiyo naifahamu hoki, ingawa ile ya barafuni nimeisoma zaidi kuliko kuiona.

Nimefurahishwa na maelezo ya Mkaa Njiro, lakini sitaki tumvike Sillinger taji ambalo hakulivaa. Alicheza karibu miaka 20 bila kunyanyua Kombe la Stanley. Detroit, aliyoiacha mwaka 1995, ilifika fainali msimu ule ule alioondoka, kisha ikalitwaa kombe 1997, 1998, 2002 na 2008. Tampa Bay, aliyoiacha mwaka 2000, ililitwaa 2004. Anaheim ililitwaa 2007. Kila mahali alipochimba msingi, nyumba iliezekwa akiwa ameshaondoka. Na yule Lidström, aliyechaguliwa na klabu ile ile katika uteuzi ule ule, tena nyuma yake kwa nafasi 42, alikaa Detroit misimu 20 bila kuhama hata mara moja, akacheza michezo 1,564 na kunyanyua kombe mara nne. Anayekaa mahali pamoja hujenga maelewano na wenzake ambayo mgeni wa miezi mitatu hawezi kuyapata. Mlinzi anajua mwenzake atageukia wapi bila kumtazama. Nimeliona hilo kwa timu za shule na kwa timu za mikoa, na sidhani barafu inalibadilisha.

Kwa hiyo wazee wa ukoo wenu hawakosei kabisa. Kutembea kuna bei, na bei yenyewe hulipwa kwa vitu ambavyo havirudi.

Mkaa Njiro (Arusha)

Mzee wangu, shikamoo. Ninayakubali yote uliyosema kuhusu kombe na kuhusu maelewano. Ninachopinga ni kulinganisha wawili hawa kana kwamba kila mmoja alichagua njia yake. Lidström alibaki kwa sababu alikuwa beki bora kuliko wote wa kizazi chake, mshindi wa tuzo ya beki bora wa ligi mara saba, na hakuna meneja mwenye akili timamu ambaye angemtoa. Sillinger hakupewa nafasi ya kubaki. Kilichokuwa mikononi mwake ni namna ya kuishi baada ya simu kulia: kufika, kujifunza mfumo mpya wa kocha mpya ndani ya siku mbili, kukaa chumba cha kubadilishia nguo na watu ambao wiki iliyopita walikuwa wapinzani wake, na kucheza vizuri kesho yake. Aliyafanya hayo mara nyingi mno kwa mtu kusema ni bahati. Alipostaafu, Edmonton Oilers, klabu ambayo hakuwahi hata kuichezea, ilimwajiri asimamie ukuzaji wa wachezaji wake vijana. Nadhani walijua wanatafuta nini: mtu aliyekwisha kuona ndani ya klabu 12, makocha wa kila aina, klabu tajiri na klabu zinazohangaika.

Hata nyumbani tuna mfano ulio hai. Mbwana Samatta ametoka African Lyon kwenda Simba, kisha TP Mazembe, Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, Antwerp na PAOK ya Ugiriki, na sijawahi kumsikia Mtanzania akimwita mzururaji. Tunamwita nahodha.

Sasa kuhusu mpwa wako, Mwana wa Marangu. Idadi ya timu haitakuambia kitu. Muulize, kila alipohama, ni nani aliyeanza mazungumzo: timu mpya iliyomwona na kumtaka, au timu ya zamani iliyomwonyesha mlango? Muulize alicheza dakika ngapi kila mahali, na kama alikuwa akianza au akiketi benchi. Muulize pia kama kuna kocha hata mmoja wa zamani ambaye angemchukua tena. Akiwa na majibu mazuri kwa hayo, wazee waachwe waseme. Akiwa amehama kila mara kwa ugomvi, hapo ninasimama na Mzee wa Pasua.

Mama Wawili (Sakina, Arusha)

Nami naongeza moja: muulize kama mikataba yake anaisoma kabla ya kutia saini, na kama anayo nakala. Wengi wa vijana hawa hawana hata karatasi.

Mwana wa Marangu (Moshi)

Nakala anayo moja tu, Mama, ya timu ya sasa. Zile nyingine alitia saini akaziacha kwa viongozi. Nilimpigia simu leo nikamwuliza maswali ya Mkaa Njiro. Mara mbili alifuatwa na kocha aliyemwona akicheza, na mara moja timu ilishindwa kulipa posho ikavunjika. Kocha wake wa kwanza wa hapa Moshi bado humwulizia.

Mzee wa Pasua (Moshi)

Hilo la kocha wa kwanza ni jambo kubwa kuliko unavyodhani, na timu iliyovunjika kwa kukosa posho si kosa la kijana. Mwambie asirudi kwa yeyote kwa maneno matupu: kabla ya dirisha dogo la usajili aende kwa wale viongozi wa zamani adai nakala zake na barua ya kuachiwa, kwa sababu bila barua hiyo timu mpya inaweza kukwama katika kumsajili. Jumamosi asubuhi huwa nipo Uwanja wa Ushirika na vijana wa chini ya miaka 17. Aje na hiyo karatasi moja aliyonayo tuisome pamoja, na kama ana nafasi aje na viatu, nimwone akicheza.